Sakafu ya gereji ya nyumbani ikishapakwa epoksi, gari liingie baada ya siku ngapi?

#1 Mkaazi_SouthC
Salamu kwenu nyote. Swali langu ni moja, ila lina historia ndefu kidogo. Sakafu ya gereji yangu ya nyumbani ilipakwa epoksi ya kijivu, ile rangi ngumu ya makopo mawili, wiki iliyopita: mkono wa kwanza Alhamisi, wa pili Ijumaa, na fundi akamaliza saa kumi na moja jioni. Aliniambia nihesabu siku tatu kisha niingize gari bila wasiwasi. Muuzaji wa rangi alikuwa ameniambia siku saba. Shemeji yangu aliyeko Mombasa anasema lake aliliingiza siku ya pili, na sakafu yake inang'aa hadi leo. Nikamfuata fundi, kwa kuwa ndiye aliyepiga magoti pale chini siku mbili nzima.

Jumatatu jioni nilirudi kutoka Nakuru, nikaliegesha gari kama kawaida, pua ikielekea ukuta wa nyuma. Jumanne asubuhi nilipolirudisha nyuma nilisikia mlio kama wa mtu anayebandua plasta kwenye mguu wenye malaika. Matairi yote manne yalikuwa yameondoka na ngozi ya sakafu. Sasa nina mabaka manne, kila moja upana wa kiganja. Kuna pia sehemu karibu na ukuta wa kushoto ambayo gari halikuigusa kabisa, lakini hadi leo inanata ukiiwekea kidole. Fundi anadai salio lake. Je, ni siku ngapi hasa, na je, kosa ni la siku au la kitu kingine?

#2 FundiRola
Pole, ndugu. Kazi hii naifanya tangu 2009, mara nyingi katika maghala ya Industrial Area na mara chache majumbani. Mwenzangu hakukudanganya alipotaja siku tatu, ila siku tatu za Februari hazifanani na siku tatu za Julai. Mwezi huu wa mawingu na manyunyu mimi sikabidhi sakafu kwa gari kabla ya siku kumi, na mwenye nyumba akilalamika namwachia alalamike.

Hiyo sehemu inayonata ukutani inanitia shaka tofauti. Je, fundi alipima hadina, ile sehemu ya pili inayoifanya epoksi iwe ngumu, kwa kipimo au kwa macho? Na alipofika mwisho wa ndoo, aliikwangua? Rangi iliyonata kwenye kuta za ndoo huwa haikukutana na hadina sawasawa, na mtu akiikwangua ili asipoteze hata kijiko, anaipaka mahali fulani, na mahali hapo hapakauki hata ungoje hadi Krismasi. Mimi nikishakoroga ndoo ya kwanza namimina katika ndoo ya pili iliyo safi, nakoroga tena, ndipo nachukua rola.

#3 MzeeProbox
Probox yangu imelala nje tangu 2011 na haijawahi kubandua chochote. Nawasikiliza.

#4 Dada_Maabara
Naomba tutenganishe maneno mawili ambayo tayari yamechanganyika hapa. Rangi ya kawaida ya maji hukauka, yaani kiyeyusho (kioevu kinachoilegeza rangi, hapa maji) kinaruka hewani na rangi inabaki. Epoksi ya makopo mawili haikauki kwa maana hiyo. Inaiva. Sehemu ya kwanza na hadina zinashikana kikemia, na kushikana huko kunaendelea siku nyingi baada ya uso kuwa mkavu kwa kidole. Ndiyo sababu mtu anaweza kutembea juu yake kesho yake na bado gari likaiharibu siku ya nne.

Kasi ya kuiva inategemea joto. Kanuni ya makadirio tunayoitumia ni kwamba ukipunguza joto kwa nyuzi 10, muda unakaribia kuongezeka maradufu. Siku saba zilizoandikwa kwa nyuzi 25 zinaweza kuwa siku kumi na nne kwa nyuzi 15, na chini ya nyuzi 10 hadina nyingi za kawaida karibu zinasimama kabisa. Tafadhali, Mkaazi, soma kopo utuambie limeandika joto gani. Na joto linalohesabiwa ni la sakafu yenyewe. Hewa ya saa saba mchana si kipimo.

#5 Mpwani_Kazini
Mimi si yule shemeji, ingawa nimemtetea moyoni. Nilikaa Mombasa miaka mingi kabla ya kuhamia Nairobi, na ni kweli kwamba kule gari huingia mapema, kwa sababu sakafu hubaki na joto hata usiku. Lakini msiisifu Pwani kupita kiasi. Sakafu yangu ya kwanza iliiva haraka sana ikawa na utando mweupe kama ukungu wa kioo cha bafu, nikaambiwa ni unyevu wa hewa. Wa huku mnalalamikia baridi, wa kule tunalalamikia jasho.

#6 Msimamizi_wa_Mjengo
Mnazungumzia kilicho juu ya sakafu, mimi nauliza kilicho chini yake. South C, huku Nairobi, ni eneo la udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaofura ukinywa maji na kupasuka ukikauka. Kama chini ya zege hakukuwekwa karatasi ya nailoni ya kuzuia unyevu, maji yanapanda taratibu hadi chini ya epoksi, na epoksi haipitishi maji, kwa hiyo yanakaa pale pale yakiisukuma. Sakafu ya namna hiyo hata ukiipa mwezi mzima itabanduka tu.

Maswali yangu ni matatu. Nyumba ni ya miaka gani? Zege la gereji ni la zamani au jipya? Kuna aliyepima unyevu kabla ya kupaka? Kipimo cha bei nafuu kipo, kile cha kiwango cha kimataifa kiitwacho ASTM D4263: unakata karatasi ya plastiki angavu yenye ukubwa wa sentimita 45 kwa 45 hivi, unaibandika sakafuni kwa selotepu pande zote nne bila kuacha mwanya, unaiacha angalau saa 16, kisha unafungua. Ukikuta matone chini ya plastiki au zege limekuwa jeusi, usipake.

#7 Mkaazi_SouthC
Asanteni. Naanza na kopo. Nimelitoa kwenye taka na kulifuta kwa kitambaa, na kweli kuna maandishi madogo ambayo sikuyaona: kutembea baada ya saa 24, mizigo miepesi baada ya saa 72, kuiva kabisa siku 7, na chini yake herufi ndogo zaidi zinasema "kwa nyuzi 25". Limeandikwa pia kwamba halina kiyeyusho.

Nyumba ni ya miaka ya 1990. Kuhusu nailoni sijui, kwa kuwa niliinunua ikiwa tayari. Sakafu ya gereji ilikuwa na mashimo, hivyo Aprili mwaka huu niliwekewa tabaka jipya la mchanga na saruji la milimita 40 juu ya zege la zamani, na fundi wa mjengo akalimalizia kwa niru, likawa laini kama meza. Hakuna aliyepima unyevu. Alichofanya fundi wa rangi ni kufagia, kupiga deki na kungoja pakauke.

#8 FundiRola
Niru! Ungeanza na hilo, tungekuwa tumelala.

Kwa wasioijua, niru ni ile saruji tupu iliyokorogwa na maji na kusuguliwa juu ya sakafu kwa mwiko wa chuma hadi ing'ae. Inapendeza machoni na ni nzuri kwa kupigwa deki, lakini ni ngozi nyembamba isiyo na vinyweleo, na kushikana kwake na tabaka la chini ni kwa kubahatisha. Epoksi inaweza kuishika niru. Tatizo ni kwamba niru yenyewe haikushika kitu. Tairi likivuta epoksi, epoksi inavuta niru, vyote viwili vinaondoka pamoja kama mkate na siagi. Ilibidi isagwe kwa mashine ya almasi hadi sakafu ishikike kwa kiganja kama msasa. Kuna wanaotumia asidi ya kusafishia vigae, na mimi niliwahi kuitumia, ila juu ya niru inakula hapa na kuacha pale, na usipoisuuza vya kutosha unakuwa umeongeza tatizo la pili.

Hapa, kwa heshima, suala la siku naliona dogo.

#9 Limuru_Baridi
Suala la siku si dogo, mkuu, njoo uishi huku kwetu. Mwaka juzi nilipaka sakafu ya duka la nduguye mke wangu mwezi wa Julai, hapa Limuru, na siku ya tano ukibonyeza ukucha unaacha alama ya mwezi mchanga. Hakukuwa na niru, zege lilikuwa la zamani na limesagwa. Tuliamua kufunga milango na kuwasha majiko mawili ya makaa ndani usiku kucha ili pashike joto. Asubuhi sakafu ilikuwa ngumu zaidi, sikatai, ila ilikuwa imefunikwa na kitu kama mafuta ya kupikia yaliyoganda. Sijawahi kuelewa kilitoka wapi. Sahani hazikuwemo, mandazi hayakuwemo.

#10 Dada_Maabara
Kaka wa Limuru, nakujibu kwa sehemu mbili, na ya kwanza ni ya maisha. Jiko la makaa katika chumba kilichofungwa linatoa hewa ya monoksidi ya kaboni, ambayo haina harufu na inaua watu usingizini. Kama kuna mlinzi aliyelala humo usiku ule, mshukuruni Mungu. Asithubutu mtu mwingine kuiga.

Sehemu ya pili ni hayo mafuta. Jiko linatoa pia kaboni dioksidi na mvuke wa maji. Hadina nyingi ni za jamii ya amini, na amini iliyoko usoni ikikutana na kaboni dioksidi na unyevu kabla haijashikana na mwenzake, inageuka kuwa utando wa mafutamafuta. Baridi na unyevu peke yake vinatosha kuuleta, na jiko linauzidisha. Huo ndio ukungu wa Mpwani_Kazini katika #5, kwa sura nyingine. Unaondoka kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, lakini ukipaka mkono wa pili juu yake bila kuuosha, mkono wa pili unakuwa umepakwa juu ya mafuta.

Ninamuuliza Mkaazi: kati ya Alhamisi na Ijumaa, je, sakafu ilioshwa au kusuguliwa msasa?

#11 Mkaazi_SouthC
Haikuoshwa. Ijumaa asubuhi fundi aliigusa kwa kidole, akasema iko tayari, akaendelea.

#12 Kijana_wa_Vifaa
Kuhusu joto la sakafu, nina kisa. Niliposoma #4 nilimwomba mlinzi wetu ile bunduki ya kupima joto iliyobaki getini tangu wakati wa korona, nikailenga sakafu yangu, ikaandika kwamba joto liko chini mno. Nikaamini sakafu imeganda barafu. Baadaye nikagundua kwamba kifaa kile kimewekwa kupima mwili wa binadamu, na kuna kitufe cha kukibadilisha kipime vitu. Nilipokibonyeza kilisoma nyuzi 16, saa nne asubuhi, wakati hewa ya nje ilikuwa nyuzi 19.

Nilichojifunza ni kwamba zege linachelewa. Linabeba baridi ya usiku hadi mchana. Pia nimesoma katika maelezo ya watengenezaji kadhaa kwamba sakafu inapaswa kuwa na joto lililozidi kiwango cha umande (joto ambalo unyevu wa hewa huanza kugeuka matone) kwa nyuzi 3 angalau, la sivyo unyevu wa hewa unatua juu yake bila kuonekana, na wewe unapaka juu ya maji.

#13 Bodaboda_Mstaafu
Mimi naamini tatizo la Nairobi ni mwinuko. Tuko takriban mita 1,795 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo rangi haipati hewa ya kutosha ya kuikausha. Ndiyo maana ya Mombasa inawahi. Nimwongezee Mkaazi pia kwamba hata akingoja, asisahau stendi ya pikipiki. Yangu ilitoboa sakafu iliyokuwa na siku kumi na mbili, kwa sababu uzito wote ulikaa kwenye ncha ndogo kama kidole gumba. Tangu hapo naweka kipande cha ubao.

#14 Dada_Maabara
La stendi ni kweli tupu. La hewa nyepesi nalipinga kwa upole, kwa sababu epoksi isiyo na kiyeyusho haihitaji hewa ili iive, na ungeweza kuifunika ikaiva vilevile. Mwinuko unatuhusu kwa kuwa unatuletea baridi, basi. Kwa epoksi ya maji ni habari nyingine, kwani maji lazima yaondoke kwanza, na hapo mlango wazi na upepo vinasaidia. Kwa ile ya Mkaazi, kuacha mlango wazi usiku wa Julai ni kukaribisha ubaridi na umande ndani.

#15 MzeeProbox
Nimekaa kimya, sasa nauliza kwa dhati. Mafundi wa zamani walikuwa wanaacha mabaki kwenye ndoo, na yakiwa magumu kama jiwe wanajua sakafu imeiva. Kwani hilo limepitwa na wakati?

#16 FundiRola
Mzee, hilo linawadanganya wengi. Rangi ikiwa nyingi mahali pamoja inajipasha moto yenyewe. Mwaka mmoja kijana wangu aliacha nusu ndoo iliyokwisha kukorogwa akaenda kunywa chai. Aliporudi baada ya dakika arubaini ndoo ilikuwa inatoa moshi, plastiki imelegea kama soksi, na ndani mna jabali. Sakafu aliyopaka kutoka kwenye ndoo hiyo hiyo, muda huo huo, ilikuwa bado maji. Ikitandazwa nyembamba juu ya zege baridi, joto lake lote linamezwa na zege. Mabaki ya ndoo yanakuonyesha kwamba vipimo vya hadina vilikuwa sawa. Hayakuonyeshi kwamba sakafu imeiva.

Na kwa vijana wanaosoma: msiongeze hadina ili iwahi. Hadina ya ziada inabaki bila mwenza, na sakafu inakuwa laini milele.

#17 Mpwani_Kazini
Nami niongeze swali ambalo hakuna aliyeligusa. Alitoka Nakuru. Hizo ni kilomita kama 160 za lami, na matairi yalifika yakiwa moto. Je, angekuwa ametoka dukani tu, yangebandua?

#18 Dada_Maabara
Umegusa penyewe, dada. Tairi la safari ndefu linaweza kupita nyuzi 50, na mpira wenyewe una vilainishi ndani yake. Linakaa sakafuni, linapoa, linasinyaa, na huku likiwa limejibana kwenye epoksi linaivuta. Sasa zingatieni jambo hili, kwa sababu linaunganisha ubaridi na tairi: epoksi iliyoiva katika ubaridi huanza kulainika kwa joto dogo kuliko ile iliyoiva katika joto. Kwa hiyo sakafu ya Julai inaweza kuwa ngumu asubuhi kwa mguu, na ikalainika jioni chini ya tairi la Nakuru. Wanaotaka kuwahi hutumia poliaspatiki, rangi ya sakafu ya aina nyingine, ambayo gari huweza kuingia baada ya siku moja au mbili, lakini bei yake si ya mchezo na inaganda haraka mno kwa fundi asiyeizoea.

#19 Msimamizi_wa_Mjengo
Mna maelezo mazuri, lakini yote yanaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja, na hatujaangalia ushahidi. Mkaazi, vile vipande vilivyobanduka viko wapi? Vigeuze uangalie mgongo wake. Ukiona vumbi la kijivu la saruji, FundiRola yuko sahihi na niru ndiyo iliyoachia. Ukiona mgongo safi unaong'aa, au wenye unyevu, epoksi haikushika kabisa, na hapo mimi nasimamia maji. Ukiona rangi imebaki sakafuni na kilichotoka ni tabaka la juu tu, basi Dada_Maabara na mafuta yake. Na kipande kikinata kwa ndani, hapo ni vipimo au ubaridi.

#20 Mkaazi_SouthC
Vipande viwili vilikuwa bado vimeng'ang'ania tairi, nimevibandua kwa bisibisi. Vingine nilivitoa kwenye ndoo ya taka kabla mama watoto hajaitupa. Nimevipanga mezani kwa mpangilio wa matairi, na matokeo ni haya.

Tairi zote mbili za mbele, zile za upande wa ukuta wa nyuma: mgongo ni safi, unang'aa kama kioo, na nilipougusa ulikuwa baridi na una umajimaji kidogo. Tairi la nyuma la kulia, karibu na mlango: mgongo umejaa unga wa kijivu, na nikiukwangua kwa kisu unatoka kama poda. Tairi la nyuma la kushoto: kilichotoka ni chembamba kuliko vingine, na sakafuni bado kuna rangi, mkono wa kwanza bila shaka. Sehemu ya ukutani inayonata inabaki kunata, na kisu kinazama humo kama kwenye ubani wa kutafuna.

#21 MzeeProbox
Basi kila mmoja ameshinda. Naomba mgawane kombe, na fundi alipwe robo.

#22 FundiRola
Sikubali sare. Kipande cha niru kiko wazi, na hicho cha mkono wa kwanza nacho nakihesabu kuwa uzembe wa msasa. Ila sehemu ya kunata nilishaitaja katika #2, mabaki ya ndoo. Hilo lazima likwanguliwe lote hadi chini na kufutwa kwa thina. Usipake kitu juu yake ukitumaini kitaiva.

#23 Limuru_Baridi
Nami sikubali kwamba ubaridi umesahaulika. Siku tatu kwa nyuzi 16 si siku tatu za kopo. Hata sakafu isingekuwa na niru wala maji, bado ingeshika alama za tairi. Hesabu ya Dada inatoa karibu wiki mbili.

#24 Dada_Maabara
Hesabu yangu ni ya makadirio na kila hadina ina tabia yake, kwa hiyo msiandike wiki mbili ukutani. Kuna kipimo unachoweza kufanya mwenyewe. Chukua kitambaa cheupe, kichovye katika asetoni, ile inayoondoa rangi ya kucha, usugue kona isiyoonekana mara ishirini au thelathini. Kitambaa kikitoka na rangi, au sakafu ikianza kunata, haijaiva. Kikitoka safi na uso ukabaki mgumu, imekaribia. Ungejaribu hivyo Jumatatu kabla ya kuegesha, tusingekuwa na uzi huu.

#25 Kijana_wa_Vifaa
Swali la pembeni: "mizigo miepesi" ya saa 72 kwenye kopo, gari dogo limo? Nauliza kwa sababu fundi wake anaweza kuwa alisoma hapo hapo kwa nia njema.

#26 Msimamizi_wa_Mjengo
Katika maghala tunaichukulia kuwa watu na vitoroli vya mkono. Gari tunalihesabu katika mstari wa kuiva kabisa. Lakini nakubali kwamba maneno yenyewe hayasemi hivyo waziwazi, na mtu akitaka kusoma Vitz humo, ataisoma.

Mkaazi, bado nakudai kile kipimo cha plastiki. Fanya vipimo viwili, kimoja kwenye baka la mbele na kimoja kwenye baka la nyuma la kulia, mahali ambapo rangi imetoka na saruji iko wazi.

#27 Mkaazi_SouthC
Nimebandika vyote viwili leo saa kumi na mbili jioni. Gari linalala nje, nimelifunika kwa turubai. Fundi amepiga simu mara mbili, nimemwambia tunangoja saa 16.

#28 MzeeProbox
Naweka kikombe cha chai kwamba vyote vitatoka vikavu.

#29 Msimamizi_wa_Mjengo
Nami naweka mandazi mawili kwamba cha mbele kitatoka na maji.

#30 Mkaazi_SouthC
Nimefungua saa sita mchana, saa 18 kamili. Cha mlangoni kikavu kabisa, saruji haijabadilika rangi. Cha ukuta wa nyuma kina matone upande wa ndani, madogo kama jasho la puani, na saruji chini yake imekuwa nyeusi.

#31 FundiRola
Mzee anadaiwa chai. Lakini kwa nini upande mmoja tu? Udongo mweusi haubagui, ungepandisha maji gereji nzima. Nyuma ya ukuta huo kuna nini?

#32 Mkaazi_SouthC
Tangi la maji. Liko nje, juu ya jukwaa la matofali, limeegemea ukuta huo huo.

#33 Msimamizi_wa_Mjengo
Na boya lake linafunga maji tangi likijaa?

#34 Mkaazi_SouthC
Sikumbuki ni lini mara ya mwisho nililitazama. Natoka nje sasa hivi.